Kikombe cha Plamu Kina Gramu Ngapi?

Hotuba kwa wasindikaji wadogo wa matunda wa Nyanda za Juu Kusini, Mbeya

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, dada zangu na kaka zangu mliotoka Njombe, Makete, Mafinga, Tukuyu na Kyela, pamoja na ninyi wenyeji wetu wa Mbeya: kamwene! Na kwa ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo. Najua wengine mmepanda gari kabla jua halijachomoza ili mfike kwa wakati.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya matunda jikoni. Swali ninaloulizwa na wasindikaji kuliko mengine yote ni hili: "Mwalimu, kikombe kimoja cha plamu ni gramu ngapi?" Nami kila mara huuliza: plamu hizo ni nzima, zimekatwa au zimepondwa? Wengine hudhani nakwepa swali. Sikwepi. Jibu lenyewe limo humo, na leo nataka tulifungue mpaka kila mmoja aweze kujijibia jikoni kwake bila kupiga simu kwa mtu.

Tuanze na maji kwa sababu maji hayana utata. Chukua kikombe cha mililita 250, jaza maji, pima: gramu 250. Lita moja ni kilo moja. Ndiyo maana watu wengi huamini kwamba mililita na gramu ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kwa maji, sawa. Kwa maziwa, unakosea kidogo tu. Lakini ukija kwenye sukari, kikombe hichohicho kinabeba gramu 210 hivi. Ukija kwenye asali, kinapita gramu 350. Ukija kwenye matunda, ndipo mambo yanapochangamka, kwa sababu tunda hubadilika mikononi mwako kadiri kisu kinavyofanya kazi.

Nisikilizeni vizuri hapa. Chukua stroberi. Ukizijaza nzima kwenye kikombe cha mililita 250, zina gramu 150 hivi. Zikate nusu nusu, kikombe kinabeba gramu 160. Zikate vipande vyembamba, unapata gramu 175. Zisage ziwe rojo, kikombe kilekile sasa kina gramu 245. Kikombe hakijaongezeka ukubwa. Stroberi ni zilezile, za shamba lilelile, zimechumwa asubuhi ileile. Kilichobadilika ni hewa. Tunda zima la mviringo likirundikwa juu ya jingine huacha nafasi katikati, kama mawe kwenye tela la trekta, ambayo unaweza kumwagia mchanga na mchanga ukapata pa kuingia. Vitu vya mviringo vikimiminwa ovyo kwenye chombo hujaza asilimia 64 hivi ya nafasi, na inayobaki ni hewa tupu. Ukikata, vipande hulala vizuri zaidi. Ukiponda, hewa inatoka karibu yote na unabaki na tunda peke yake, ambalo kwa sehemu kubwa ni maji.

Kwa hiyo mapishi yakikuandikia "vikombe vinne vya stroberi" na kuishia hapo, hujaambiwa kiasi. Unaweza kuweka gramu 600, unaweza kuweka gramu 980, na katika hali zote mbili ukaapa kwamba umefuata maelezo.

Tufaa, wenzangu wa Njombe na Makete mnalijua kuliko mimi, lina tabia yake. Ukilitupa kwenye maji linaelea, kwa sababu karibu robo ya ujazo wake ni hewa iliyofungwa ndani ya nyama yenyewe. Basi kwa tufaa unapata hewa mara mbili: ile ya ndani ya tunda na ile ya kati ya vipande. Kikombe cha mililita 250 cha matufaa yaliyokatwa vipande vyembamba hubeba gramu 115 tu. Yakikatwakatwa vipande vidogo vidogo, gramu 130. Linganisha na embe au nanasi lililokatwa vipande, ambavyo hufika gramu 175 katika kikombe hicho. Anayetumia kikombe kimoja kwa matufaa na kwa maembe, akidhani anaweka kiasi kilekile, amepishana kwa theluthi nzima.

Nawapa namba za kukariri, kwa sababu si kila wakati utakuwa na jedwali mkononi. Pima ujazo wa chombo chako kwa mililita, halafu fanya hivi. Kama ni rojo, yaani tunda lililopondwa au kusagwa, gramu ni karibu sawa na mililita. Ndizi iliyopondwa hupungua kidogo, gramu 240 kwa kikombe cha 250. Parachichi na papai vivyo hivyo. Nyama ya pasheni pamoja na mbegu zake hufika 250. Kama ni vipande, chukua theluthi mbili ya mililita. Papai, parachichi na peasi huwa chini kidogo ya hapo. Embe, nanasi na plamu huwa juu kidogo. Kama ni matunda madogo mazima, zidisha kwa 0.6. Na kama ni tufaa lililokatwa, chukua nusu. Namba hizi hazitoshi kuandika lebo ya biashara, lakini zinatosha kumwokoa mtu asiharibu chungu kizima.

Sasa kuna suala la kikombe chenyewe. Wengi wenu mnatafuta mapishi kwenye simu, na mapishi mengi yanatoka Marekani. Kikombe cha Marekani ni mililita 237. Kikombe cha vipimo vya metriki, kinachotumika Australia na sehemu nyingine, ni mililita 250. Kijiko cha chakula cha Marekani ni mililita 15, cha Australia ni 20. Mapishi ya zamani ya Uingereza huandika kwa paundi na aunsi: paundi moja ni gramu 454, aunsi moja ni gramu 28 na kidogo. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Jina moja, ujazo mbalimbali. Huko Boston, mwaka 1896, mwalimu wa mapishi aliyeitwa Fannie Farmer alitoa kitabu kilichosisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu, na tangu hapo Wamarekani wakashikilia kikombe. Ilikuwa hatua kubwa kwa mpishi aliyezoea kuambiwa "weka kiasi cha kutosha". Lakini kwa unga na sukari kikombe kinafaa zaidi kuliko kinavyofaa kwa matunda, na sisi tunaoishi kwa matunda hatuna budi kulitambua hilo.

Na kikombe cha chai cha nyumbani kwako? Hicho ni mililita ngapi? Kuna vya bati vidogo, kuna vya udongo vikubwa, kuna bilauri za kila aina. Sisemi msivitumie. Nasema vipimeni kwanza, na namna ya kupima nitaieleza baadaye.

Nataka nikae kidogo kwenye jamu, kwa sababu wengi mliopo hapa ndiyo bidhaa yenu, na ndiko hasara inakotokea.

Tuseme kuna mapishi yanayosema: vikombe vinne vya stroberi, vikombe vinne vya sukari, ndimu, chemsha mpaka iive. Mama wa kwanza anakata stroberi vipande. Anaweka vikombe vinne: gramu 700. Sukari vikombe vinne: gramu 840. Jumla kwenye sufuria yake ni gramu 1,540. Mama wa pili ana blenda, anazisaga kwanza. Vikombe vinne vya rojo ni gramu 980. Sukari ileile, gramu 840. Jumla ni gramu 1,820. Wote wawili wamesoma mstari mmoja.

Jamu ya kawaida inalengwa kufika mahali ambapo asilimia 65 ya uzito wake ni sukari, ile uliyoweka wewe pamoja na ile kidogo iliyomo kwenye tunda. Ikifika hapo, maji yaliyobaki yameshikwa na sukari kiasi kwamba ukungu unapata taabu kuota. Kwa hesabu hiyo, sufuria ya mama wa kwanza inatakiwa ibaki na gramu 1,380 hivi. Anahitaji kukausha gramu 160 za maji. Mama wa pili anatakiwa abaki na gramu 1,410, maana yake akaushe zaidi ya gramu 400. Hiyo ni kazi ya moto mara mbili na nusu. Kama mama wa pili amezoea kuangalia saa, akaepua kwa muda uleule wa mwenzake, jamu yake ina sukari asilimia 55 tu. Itakuwa nyepesi, itatiririka kwenye mkate, na baada ya kufunguliwa itaota ukungu mapema. Mteja atairudisha dukani. Mama huyo atalaumu chupa, atalaumu vifuniko, atalaumu stroberi za msimu huu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokosea.

Ndiyo maana kwenye jamu nawasihi: acheni kikombe, shikeni uzito. Kilo moja ya tunda lililosafishwa, kilo moja ya sukari. Ukipima kwa uzito, hujali tena kama tunda limekatwa au limesagwa, kwa sababu kilo ya vipande na kilo ya rojo ni kilo ileile ya tunda. Swali la "zima au limepondwa" linaisha lenyewe. Wapo wanaopunguza sukari kwa tunda tamu kama embe la Kyela lililoiva sana, wakaweka gramu 750 kwa kilo ya tunda. Wanaweza, ila wajue wanahitaji kukausha maji mengi zaidi, na chupa ikishafunguliwa ikae kwenye friji.

Mizani ina faida nyingine ambayo watu wa nyanda za juu tunapaswa kuishika kwa mikono miwili. Vitabu vingi vinasema jamu imeiva inapofika nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Hiyo ni kweli pwani. Huku kwetu maji yenyewe hayachemki kwa nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300, kiwango cha maji kuchemka kinashuka kwa nyuzi moja hivi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Kule uwanda wa Kitulo, ambako ni zaidi ya mita 2,600, yanachemka kwenye nyuzi 91. Kyela, chini kando ya Ziwa Nyasa, yanachemka kwenye nyuzi 98. Jamu huiva nyuzi nne na nusu juu ya pale maji yanapochemkia. Basi jamu ya Mbeya mjini imeiva kwenye nyuzi 99 hivi. Mtu wa Mbeya akisubiri kipimajoto chake kionyeshe 105 kama kitabu kinavyosema, atakuwa ameshakausha mno. Jamu itakuwa ngumu na baada ya muda sukari itaganda punje punje ndani ya chupa.

Sasa angalia uzito unavyokusaidia. Pima sufuria yako tupu pamoja na mwiko, uandike. Weka kilo moja ya tunda na kilo moja ya sukari. Pika. Unapodhani inakaribia, epua, weka juu ya mizani, toa uzito wa sufuria na mwiko. Ikibaki kilo moja na gramu 700, imeiva. Haijalishi uko Kyela au Kitulo, mvua inanyesha au jua linawaka, mkaa ni mzuri au ni wa vumbi. Mwinuko unabadilisha nyuzi joto, haubadilishi kilo. Hesabu yake ni rahisi: kilo ya tunda ina gramu 100 au 120 za sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka ndani yake; jumlisha na gramu 1,000 za sukari uliyoweka; gawanya kwa 0.65. Unapata kati ya gramu 1,690 na 1,720. Mimi nasema 1,700 ili ikae kichwani.

Naomba mnielewe kwamba sidharau kijiko kwenye sahani baridi, ile njia ya kuangalia kama jamu inakunjamana ukiisukuma kwa kidole. Ni njia nzuri, endeleeni nayo. Lakini mtu akikuuliza kwa nini chupa za mwezi huu zinafanana na za mwezi uliopita, jibu la kumpa ni namba.

Niende sokoni. Sisi hatununui matunda kwa kikombe. Tunanunua kwa fungu, sado, ndoo ndogo, ndoo kubwa, tenga. Mwanjelwa iko hivyo, Uyole iko hivyo, na barabarani kutoka Makambako mpaka Njombe iko hivyo. Kanuni ni ileile ya hewa. Ndoo ya lita 20 iliyojaa plamu nzima mpaka ukingoni ina kilo 12 au 13. Ya matufaa ina kilo 11 hivi, kwa sababu matufaa ni makubwa zaidi, huacha mapengo, na yenyewe ni mepesi. Sado ya lita nne iliyosawazishwa hubeba plamu kilo mbili na nusu. Kilima juu ya ndoo ni kilo moja au mbili za ziada, na ndoo iliyobonyea chini inapunguza vilevile. Kwa hiyo bei ya ndoo peke yake haikuambii umenunua kwa bei gani. Beba mizani ya kuning'iniza, pima ndoo mbili tatu za kwanza, upate wastani wako wa msimu huo. Muuzaji wa haki hakatai kupimiwa. Na kama wewe ndiwe unayeuza kwa uzito, kumbuka mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama. Ile ndogo ya jikoni haichukui nafasi yake mbele ya mteja.

Tena usinunue ukidhani ndoo yote inaingia kwenye sufuria. Nanasi likimenywa na kutolewa moyo, nusu imeondoka. Pasheni, ganda ni karibu nusu. Ndizi, ganda ni zaidi ya theluthi. Embe hupoteza theluthi hivi kwa ganda na kokwa. Parachichi robo mpaka theluthi, kutegemea aina na ukubwa wa kokwa. Plamu ndiyo yenye faida, kokwa lake ni dogo. Tufaa likimenywa na kutolewa moyo hupoteza robo hivi kwa kisu cha kawaida, na zaidi kwa kisu kisichojali. Weka namba hizi pamoja na zile za kikombe, utaona zinavyoshikana. Kilo moja ya ndizi mbivu na maganda yake inakupa gramu 640 za ndizi. Ukiziponda ni vikombe viwili na theluthi mbili vya mililita 250. Kilo moja ya nanasi inakupa gramu 500 za vipande, yaani vikombe vitatu hivi. Mtu akikuagiza keki za ndizi kumi, na kila keki inahitaji gramu 350 za ndizi iliyopondwa, unajua bila kubahatisha kwamba unahitaji kilo tano na nusu kutoka Tukuyu, na mkungu uliobaki uuze.

Kwenye keki, mapishi yanayosema "ndizi tatu" ndiyo yananisikitisha zaidi. Ndizi zipi? Kisukari tatu ni mchezo. Kimalindi tatu ni kitu kingine kabisa. Ponda, pima, andika gramu. Keki ikizidiwa ndizi, katikati inabaki mbichi na nzito hata ukiiacha kwenye oveni mpaka pembeni iungue.

Kwa wanaokausha matunda nina neno fupi. Hapo ujazo haukusaidii kabisa, maana kipande kikikauka kinajikunja na kikombe kinajaa hewa. Fuata uzito. Tufaa lililomenywa lina maji asilimia 86 hivi. Kilo moja ikikauka mpaka ibaki na unyevu wa asilimia 20, unatoa trei yenye gramu 175. Ikiwa bado ina gramu 250, haijakauka, hata kama kwa mkono inaonekana ngumu. Irudishe.

Sasa namna ya kupima vyombo vyenu. Kama una mizani ya kidijitali ya jikoni, weka kikombe kitupu juu yake, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, jaza maji baridi mpaka ukingoni, soma. Gramu utakazoona ndizo mililita za kikombe chako. Chora alama kwa rangi ya kucha au kalamu isiyofutika, uandike namba hiyo chini ya kikombe. Fanya hivyo kwa sado, kwa bakuli, kwa kila kitu unachotumia. Kisha chukua tunda lako, katakata kama unavyokata siku zote, jaza kikombe bila kushindilia, gonga mezani mara moja, sawazisha, pima tena. Rudia mara tatu, jumlisha, gawanya kwa tatu. Hiyo ndiyo namba ya mkono wako. Inaweza kupishana na zangu kwa gramu kumi au ishirini kwa sababu kisu chako kinakata tofauti, na kwako ni bora kuliko yangu.

Kwenye daftari andika vitu vitatu kila mara: tunda gani, hali gani, chombo gani. "Plamu, zimetolewa kokwa na kukatwa vipande vinne, kikombe cha bati cha 280." Ukiandika "plamu kikombe kimoja", binti yako akija kushika kazi hataelewa.

Na asiye na mizani? Hapana shida. Chupa ya maji ya dukani ya nusu lita, ambayo haijafunguliwa, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Itumie kupimia ujazo wa vyombo vyako. Kwa uzito, tafuta fimbo iliyonyooka, ifunge kamba katikati mpaka itulie bila kulalia upande. Ning'iniza mfuko kila mwisho, mifuko iliyo sawa. Upande mmoja weka chupa hiyo iliyojaa. Upande wa pili weka chupa tupu ya aina hiyohiyo na kifuniko chake, kisha ongeza matunda mpaka fimbo ilale sawa. Matunda hayo ni nusu kilo. Chupa tupu ni ya kufidia uzito wa plastiki. Ukiwa na chupa mbili za nusu lita una kilo. Mizani hii ni ya jikoni tu, usiitumie kumuuzia mtu, lakini kwa jamu ya nyumbani inatosha kabisa.

La mwisho ni lebo. Jamu huandikwa kwa gramu, juisi kwa mililita. Msikosee mkaandika gramu 300 kwa sababu chupa ni ya mililita 300. Jamu ni nzito kuliko maji. Lita moja yake hukaribia kilo moja na gramu 300. Chupa ya mililita 300 ikijaa ina gramu 390 hivi. Ukiiandika 300 unajipunja wewe mwenyewe kila chupa, na ukinunua chupa za mililita 300 ukitegemea zibebe gramu 400 hazitatosha ukishaacha nafasi ya kifuniko. Pima chupa tupu na kifuniko chake, jaza, pima tena, toa. Pima chupa kadhaa, siyo moja, na kwenye lebo andika uzito ambao kila chupa inaufikia.

Mezani kuna mizani, visu, vikombe na matunda. Njombe na Makete chukueni matufaa, yapimeni yakiwa vipande vyembamba kisha yakiwa yamekatwakatwa. Tukuyu, ndizi na parachichi, vipande halafu rojo. Kyela, maembe. Mafinga na Mbeya, plamu na mapeasi. Kila kundi lipime kwanza kikombe chake kwa maji, liandike namba kwenye karatasi kubwa ubaoni, na baada ya chai tutazilinganisha zote, tukianza na zile zitakazopishana sana.